Majeraha ya kung'atwa mguuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uandishi wa faili na uwekaji wa misimbo ya utambuzi

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa wa kumbukumbu za afya, matabibu na wauguzi wa zahanati na hospitali za Nairobi, pamoja na wale wanaoketi katika ofisi za hapa jijini wakiweka misimbo kwenye faili za wagonjwa wa Marekani. Makundi hayo mawili hutumia vitabu vinavyokaribiana jina lakini vyenye kanuni tofauti, na makosa mengi yanayojitokeza wakati wa ukaguzi huzaliwa hapo. Mengine huzaliwa mapema zaidi, katika chumba cha matibabu, pale noti inapoandikwa kwa mistari miwili na mwekaji misimbo akaachiwa kazi ya kubahatisha.

Mtu akiumwa na mbwa mguuni, msimbo wake ni upi?

Hakuna msimbo mmoja. ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, huugawa mguu katika sehemu tatu, na kila sehemu ina familia yake. Majeraha ya wazi ya nyonga na paja yako S71; ya goti na sehemu iliyo chini yake hadi juu ya kifundo yako S81; ya kifundo, unyayo na vidole yako S91. Mgonjwa akisema kwamba ameumwa mguuni, bado hajatuambia ni familia ipi kati ya hizo, na tabibu akiyanakili maneno yake jinsi yalivyo, mwekaji misimbo hana pa kusimama.

Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, ambalo ndilo lililozoeleka katika hospitali zetu, S81.0 ni jeraha la wazi la goti, S81.7 ni majeraha kadhaa ya wazi ya sehemu hiyo ya mguu, S81.8 ni la sehemu nyingine, kwa mfano muundi au shavu la mguu, na S81.9 ni la mahali pasipotajwa. Huo wa mwisho ni halali, lakini unapotokea katika faili nyingi za kituo kimoja, lawama si ya mwekaji misimbo. Tabibu alikiona kidonda kwa macho yake, na kutaja kilikuwa wapi kungemchukua maneno mawili tu.

Je, msimbo wa jeraha peke yake unatosha?

Hautoshi. Msimbo wa herufi S hueleza kilichoupata mwili, wala hausemi kilisababishwa na nini, na kidonda cha S81.8 kinaweza kuwa kimetokana na panga, mabati au meno. Kwa hiyo huandamana na msimbo wa chanzo cha nje, ambao kwa mbwa ni W54. Anayeuacha msimbo huo hufuta taarifa ambayo idara ya afya ya umma inaihitaji kuliko nyingine yoyote katika faili hiyo.

Kwa nini W54.0 huleta mkanganyiko mkubwa namna hii?

Kwa sababu ina maana mbili, na zote mbili ni sahihi, kila moja mahali pake. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, W54 humaanisha kung'atwa au kugongwa na mbwa, na tarakimu inayofuata nukta hutaja mahali tukio lilipotokea: 0 ni nyumbani, 1 ni makazi ya pamoja kama vile makao ya wazee, 2 ni shule au taasisi ya umma, 3 ni uwanja wa michezo, 4 ni barabarani, 5 ni eneo la biashara, 6 ni kiwandani au kwenye ujenzi, 7 ni shambani, 8 ni mahali pengine palipotajwa, na 9 ni pasipotajwa. Mtu aliyeumwa akivuka barabara ya mtaa wa Kayole hupata W54.4, na aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe sebuleni hupata W54.0.

Katika toleo la Marekani, linaloitwa ICD-10-CM na ambalo lilianza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, tarakimu hiyohiyo hutaja namna ya kuguswa. W54.0 ni kung'atwa na mbwa, W54.1 ni kugongwa na mbwa, na W54.8 ni kuguswa naye kwa namna nyingine. Mahali pa tukio hupewa msimbo wa pembeni wa kundi la Y92. Vilevile W54.0 haikamiliki huko bila kujazwa hadi nafasi ya saba, kwa hiyo huandikwa W54.0XXA.

Sasa mchukue mtu aliyejifunzia kazi kwenye faili za Marekani kisha akaajiriwa katika hospitali ya hapa. Ataandika W54.0 kwa kila aliyeng'atwa, akiamini kwamba amesema "mbwa, jino", kumbe amesema "mbwa, nyumbani". Kompyuta haitamkataza, kwa sababu msimbo upo na ni halali. Baada ya mwaka mmoja, takwimu za kituo hicho zitaonyesha kwamba mbwa wa mtaa huo huuma watu majumbani tu, na hakuna atakayekumbuka kuuliza habari za mbwa wa mitaani. Mimi hulihesabu kosa hili kuwa baya kuliko msimbo uliokosekana, maana pengo huonekana na mtu akaulizia, ilhali jibu lisilo sahihi hupita kimya kimya.

Toleo la Marekani linadai nini zaidi kuhusu jeraha lenyewe?

Linadai upande, aina ya jeraha na hatua ya matibabu. Kung'atwa kuna msimbo wake uliotengwa na ule wa mpasuko wa kawaida au wa tundu: S81.851 ni kung'atwa kwa wazi kwenye sehemu ya chini ya mguu wa kulia, S81.852 ni wa kushoto, na S81.859 ni upande usiotajwa. Goti la kulia ni S81.051, paja la kulia ni S71.151, na unyayo wa kulia ni S91.351. Anayeweka msimbo wa mpasuko kwa sababu daktari ameandika kwamba kidonda "kimepasuka", huku aya ya juu ikisema wazi kwamba mbwa ndiye aliyeuma, hajaisoma noti yote.

Katika toleo hilo pia hakuna msimbo wa "majeraha kadhaa" mfano wa S81.7. Kila eneo hupewa wake, lakini msimbo mmoja hauandikwi mara mbili katika ziara moja. Meno matatu kwenye shavu moja la mguu wa kulia hubaki kuwa S81.851A moja.

Ile herufi A ya mwisho hutumika katika ziara ya kwanza pekee?

La. Herufi A hufuata matibabu, haifuati hesabu ya ziara. Mgonjwa aliyeumwa Jumatatu, akarudi Alhamisi kwa daktari mwingine ili kidonda kikatwe nyama iliyokufa, bado yuko katika matibabu yenyewe, na herufi yake ni A. Akija baadaye kubadilishiwa bandeji au kutolewa nyuzi wakati kidonda kinapona vizuri, herufi ni D. Herufi S huja mwishoni kabisa, kwa kasoro iliyobaki baada ya kupona, kama vile kovu linalovuta ngozi ya nyuma ya goti. Hapo kasoro hutajwa kwanza, kisha jeraha lililoizaa likafuata likiwa na S. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina herufi hizi, na kuzibandika kwenye faili ya hospitali ya hapa hakuongezi chochote isipokuwa msimbo usiotambulika.

Noti nzuri ya tabibu inafananaje?

Noti ya kawaida tunayokutana nayo husema hivi: "Ameumwa na mbwa mguuni. Kidonda kimesafishwa. Chanjo. Arudi." Hakuna neno la uongo ndani yake, na karibu hakuna linalosaidia.

Linganisha na hii, ambayo ni ya mfano na imewekwa kwa Kiswahili ingawa wengi wetu huandika noti kwa Kiingereza:

"Mwanamume, miaka 34, kilo 68. Aliumwa leo saa 12.30 asubuhi akitembea barabarani mtaani Umoja. Mbwa hana mwenyewe anayejulikana, hakuchokozwa, alikimbia. Mguu wa kulia, shavu la mguu upande wa nje, sentimita 12 chini ya goti: mpasuko mmoja wa sentimita 3 unaofika kwenye mafuta chini ya ngozi, na matundu mawili ya meno kando yake. Damu imetoka. Hakuna kano wala mfupa unaoonekana. Eksirei haionyeshi jino wala kuvunjika. Mapigo ya mshipa juu ya unyayo yapo, hisia za vidole ziko sawa, anainua na kushusha kifundo bila shida. Kundi III. Kimeoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kimeachwa bila kushonwa. Imunoglobulini ya binadamu yuniti 1,360 ndani na kuzunguka kidonda. Chanjo ya kichaa cha mbwa, dozi ya kwanza, bega la kushoto, namba ya bechi ipo kwenye kadi. Chanjo ya pepopunda imetolewa. Arudi siku ya 3."

Kutokana na noti hiyo, hakuna kinachohitaji kubahatishwa. Kundi III ni daraja la hatari ya kichaa cha mbwa, na tutalieleza hapa chini. Majeraha ni matatu, kwa hiyo msimbo wa hapa ni S81.7, si S81.8, chanzo ni W54.4, kukaribiana na kichaa cha mbwa ni Z20.3, chanjo ya pepopunda ni Z23.5. Faili hiyohiyo ingekuwa ya Marekani, tungeandika S81.851A na W54.0XXA, kisha msimbo wa Y92 wa barabara, Z20.3, Z23 kwa chanjo na Z29.14 kwa imunoglobulini.

Angalia pia ule uzito wa kilo 68. Imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari dhidi ya kichaa cha mbwa, ikiwa ya binadamu hutolewa kwa yuniti 20 kwa kila kilo, na ile ya farasi kwa yuniti 40. Mkaguzi wa bima anaweza kuzidisha 68 kwa 20 akapata 1,360, akaidhinisha dai bila kupiga simu. Uzito usipoandikwa, dawa hiyo ya bei kubwa haina ushahidi kwamba ilipimwa ipasavyo, na dai hurudi.

Sentensi kuhusu mapigo ya mshipa, hisia na mwendo wa kifundo huonekana kama za kujaza nafasi, lakini ndizo zinazomruhusu mwekaji misimbo aache S84 ya neva, S85 ya mishipa ya damu na S86 ya misuli na kano. Zikiwa hazipo, msomaji hajui kama viungo hivyo vilichunguzwa vikawa salama, au havikutazamwa kabisa. Na ikiwa kimojawapo kimeumia, msimbo wake huongezwa, na kwa kawaida jeraha hilo zito ndilo hutangulia.

Ngozi ikiwa imekwaruzwa tu, bado tunaandika jeraha la wazi?

Hapana. Mkwaruzo na mchubuko wa juu juu huenda S80.8 kwa sehemu iliyo chini ya goti, na Wamarekani wana S80.871 na S80.872 kwa meno yaliyogusa bila kupenya. Lakini wepesi wa jeraha usichanganywe na wepesi wa hatari. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu ni Kundi II katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa wake huoshwa kidonda na kupewa chanjo. Meno au kucha zilizopenya ngozi ni Kundi III, hata tundu likiwa moja na dogo, na hapo imunoglobulini huongezwa. Mbwa akiilamba ngozi isiyo na jeraha, hilo ni Kundi I, na chanjo haihitajiki. Kundi liandikwe kwa namba yake. Neno "dogo" au "kubwa" halitoshi.

Je, tunaweza kuandika A82 kwa tahadhari, iwapo mbwa anashukiwa?

Tafadhali msifanye hivyo. A82 ni ugonjwa wenyewe wa kichaa cha mbwa ndani ya mtu, ambao dalili zake zikishatokea humalizikia karibu kila mara kwa kifo. Aliyeng'atwa asubuhi na kufika hospitali mchana hana ugonjwa huo. Amekaribiana nao, na msimbo wake ni Z20.3. A82 iliyowekwa kwa tahadhari humhesabu mtu aliye hai na anayetembea miongoni mwa wagonjwa wa maradhi ambayo hana, na inaweza kuwapeleka maafisa wa ufuatiliaji wa magonjwa mlangoni mwake bila sababu.

Iwapo mbwa anajulikana na anaweza kutazamwa, andika kwamba anatazamwa kwa siku 10, nani anamtazama, na matokeo yakawa nini. Mbwa akibaki mzima baada ya siku hizo, tabibu anaweza kusimamisha chanjo, na uamuzi huo uandikwe na kutiwa sahihi. Utambuzi wa siku ya kwanza haubadilishwi kurudi nyuma, kwa kuwa siku ile hatari ilikuwepo.

Ziara za chanjo zinazofuata huwekwa msimbo gani?

Mgonjwa aliyekuja kudungwa tu hupata Z24.2 hapa kwetu, ambayo ni haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kidonda kikichunguzwa siku hiyohiyo, jeraha hutajwa pia. Kwa faili za Marekani ni Z20.3 pamoja na Z23, na S81.851D ikiwa kidonda kimetazamwa na kinapona vizuri.

Ratiba nayo iandikwe kwa jina au kwa siku zake, kwa sababu zipo zaidi ya moja. Inayodungwa ndani ya msuli kwa kawaida huanza siku ya 0, kisha 3 na 7, na dozi za mwisho kutegemea mpango uliochaguliwa. Ile ya ndani ya ngozi inaweza kukamilika kwa siku za 0, 3 na 7, mahali pawili kila siku. Mgonjwa aliyeanzia Embakasi na kumalizia Ngong anahitaji kadi inayosema ni ipi. Imunoglobulini ikikosekana siku ya kwanza, bado inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo, na sababu ya kuchelewa iandikwe.

Kidonda kimeingia usaha. Tunabadilisha msimbo?

Mnaongeza, hambadilishi. Jeraha hubaki, na maambukizi hutajwa kando yake: L03.1 kwa selulaitisi ya mguu, yaani maambukizi ya ngozi na nyama iliyo chini yake, au T79.3 pale noti inaposema tu kwamba kidonda kimeambukizwa. Wamarekani hutenganisha L03.115 ya mguu wa kulia na L03.116 ya kushoto. Bakteria akitambuliwa maabara naye aandikwe. Neno "kimechafuka" ni la kuepukwa, kwani kidonda kichafu na kidonda kilichoambukizwa ni hali mbili, na mwekaji misimbo haruhusiwi kuchagua kwa niaba ya daktari.

Na kama aliyeuma si mbwa?

Paka, tumbili wa City Park au fisi aliyevuka kutoka mbugani wote wako W55 katika toleo la Shirika la Afya Duniani. Panya ana W53 yake. Binadamu huwekwa W50 ikiwa ilikuwa ajali, kwa mfano watoto wakicheza, na Y04 ikiwa ni shambulio. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria, hivyo itoke kwenye maelezo yaliyoandikwa, si kwenye hisia za anayeweka msimbo. Nyoka mwenye sumu hubadilisha mambo kabisa: utambuzi mkuu huwa sumu yenyewe, T63.0, na chanzo huwa X20. Nyoka asipotambuliwa, aandikwe hivyo.

Taarifa hizi zinaenda wapi baada ya faili kufungwa?

Huingia kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, kisha kwenye muhtasari wa mwezi wa Wizara ya Afya, fomu ya MOH 705, ambao una mstari wa walioumwa na mbwa uliotengwa na ule wa walioumwa na nyoka. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya jiji hilihili la Nairobi, na Kenya ina mkakati wa kukitokomeza kwa binadamu ulioanza 2014 na unaolenga 2030. Mkakati huo hutegemea kujua watu wanaumwa wapi ili mbwa wa huko wachanjwe. Kwa hiyo jina la mtaa, ambalo matabibu wengi huliruka kwa kuona kwamba si habari ya kitabibu, lina kazi yake.

Mgonjwa anataka nakala kwa ajili ya polisi au bima. Tumpe nini?

Mpe kilichoombwa na kinachohusika na tukio hilo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ikiletwa, hujazwa kutokana na noti ya siku ya matibabu, ndiyo sababu vipimo vya sentimita na upande wa mguu visiachiwe kumbukumbu ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwenye mbwa, hata akiwa ndiye anayelipa gharama, hana haki ya kupewa faili ya mgonjwa bila idhini ya mgonjwa mwenyewe. Kuhusu bima, ulizeni kwanza inataka toleo lipi la misimbo. ICD-11, iliyoanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022, haina S81 wala W54. Hutumia misimbo ya mtindo mwingine, na upande wa mwili huongezwa kwa kiambatisho. Kugeuza msimbo mmoja kwa mwingine kwa kukisia hakukubaliki, kwa hiyo noti isomwe upya na msimbo utafutwe upya.

Dai limerudishwa kwa sababu upande wa mguu haukutajwa. Tunaweza kuongeza kwenye noti ya zamani?

Noti ya zamani haiguswi. Mwekaji misimbo humwandikia tabibu swali lisiloelekeza jibu: auliza "jeraha lilikuwa mguu upi?", asiulize "lilikuwa la kulia, sivyo?" Tabibu, akiwa na msingi wa kujibu, kama vile picha ya eksirei au kadi ya chanjo, huandika nyongeza yenye tarehe ya siku anayoiandika, jina na sahihi. Akiwa hana msingi wowote, msimbo wa upande usiotajwa hubaki jinsi ulivyo, na dai hurejeshwa nao. Kuandika juu ya wino wa zamani, au kurudisha tarehe nyuma ili bima ilipe, ni udanganyifu, hata kama mgonjwa aling'atwa kweli na kila shilingi inadaiwa kwa haki.